Nyanda Koleo

Babu yangu alinioa nikiwa sijaanza shule. Ndivyo ilivyo kwetu: mjukuu wa kike ni mke wa babu, bibi ni mke mwenza, na maneno ambayo baba na binti yake hawawezi kuambiana maisha yao yote, babu na mjukuu huambiana mbele ya wageni na watu wakacheka. Mimi nilikuwa mtoto wa kuona haya. Wageni wakifika nilijificha nyuma ya ghala na kitabu changu mpaka waondoke. Lakini babu akipita na kusema, "Mke wangu, leo umenipikia nini?" nilimjibu bila hata kufikiri, "Nimekupikia mawe, mchuzi wake maji." Ndiye mtu pekee ambaye sikuwahi kumwonea haya. Nadhani ndiyo sababu mambo haya yaliangukia mikononi mwangu, wakati baba na baba zangu wadogo wapo.

Jina lake ni Nyanda. Pale kijijini kwetu Lingeka, na hata Kimali, ukiuliza kwa Nyanda utaulizwa Nyanda yupi. Ukisema Nyanda Koleo, mtu atakunyoshea kidole cha njia. Koleo lenyewe lilining'inia kwenye msumari juu ya mlango wa nyumba kubwa: chuma kizito chenye mikono mirefu na taya butu, kimepakwa samli kisishike kutu. Kwa chuma hicho babu alihasi madume ya vijiji vyetu vyote, miaka ile ambayo bwana mifugo alikuwa mtu wa kusikika tu. Siku hizi anakuja na pikipiki, anamaliza kazi kabla vumbi lake halijatua.

Msimu wa babu ulikuwa kipupwe, pamba ikiwa imeshachumwa na inzi wamepungua. Nakumbuka asubuhi zile kwa pua kuliko kwa macho: mavi ya ng'ombe yaliyolowa umande, moshi wa mabua, uji wa mtama uliokaribia kuungua kwa sababu bibi naye alikuwa nje anatazama. Wenye madume walifika wakiyavuta kwa kamba, wanaume wakamlaza mmoja chini, huyu akamkalia shingo, yule akamshika mkia. Hapo babu hakuanza kazi. Alikwenda kwanza mbele, akachuchumaa kichwani kwa mnyama, akamwambia sikioni maneno ya Kisukuma ambayo kwa Kiswahili ni haya: "Usinichukie. Nakupa kazi." Ndipo akarudi nyuma, akapapasa mshipa kwa vidole, akaufunga ndani ya taya za koleo. Damu haikutoka, ngozi haikuchanika. Dume lilinguruma mara moja, kwa sauti ya chini, kama mtu aliyekumbuka jambo.

"Kwa nini unamwambia?" nilimuuliza siku moja.

"Dume halina kazi, mke wangu. Linapanda, linapigana, linalala. Hata jina halipewi. Umewahi kusikia dume linaitwa kwa jina?"

Nilifikiri, nikaona ni kweli. Maksai wetu walikuwa na majina: Tajiri, Mwalimu, Kanali. Dume lilikuwa dume tu.

Huyo Kanali alihasiwa akiwa amechelewa. Babu alimnunua kule Shishiyu akiwa dume zima, nundu imesimama, shingo kama gogo, kovu la pembe ubavuni. Baada ya koleo alinenepa, akakubali nira, akavuta plau mbugani kwenye udongo mweusi unaonata kama gundi. Lakini hakuacha udume wake. Akisikia harufu ya dume geni alichimba ardhi kwa kwato na kujirushia vumbi mgongoni. Jioni alisimama kwenye lango la zizi mpaka ng'ombe jike wa mwisho aingie, ndipo naye akaingia. Watu walikuja kumtazama na kucheka.

"Ukihasi mapema, shingo haiji," babu alikuwa akisema. "Ukichelewa, udume umeshapanda kichwani. Koleo halifiki kule."

Miaka mingi baadaye, nikiwa chuo kikuu Dodoma, mhadhiri wetu alichora ubongo ubaoni akatuambia kwamba homoni za jinsia hazifanyi kazi chini ya kiuno peke yake. Damu huzipeleka kichwani pia. Mtoto akiwa bado tumboni, na tena anapobalehe, homoni hizo huchonga njia ndani ya ubongo. Mtu akishakuwa mkubwa, homoni hupita katika njia zilizokwisha kuchongwa. Ukizipunguza, njia hazifutiki siku hiyo hiyo. Wenzangu waliandika. Mimi niliandika pembeni mwa ukurasa neno moja, Kanali, na sehemu iliyobaki ya kipindi sikuisikia. Nilikuwa Lingeka, nimekaa kando ya boma la miiba, natazama ng'ombe mkubwa mwekundu akihesabu wake ambao hakuwa na la kuwafanyia.

Nilipomaliza chuo nilipata kazi ya kufundisha baiolojia katika sekondari moja hapa Bariadi, nikapanga chumba karibu na soko. Babu akanifuata, na mfuko wa michembe, viazi vikavu vya kwetu, begani na ugonjwa aliokuwa ameuficha kwa muda mrefu. Alikuwa hawezi kumaliza haja ndogo, na kiuno kilimuuma. Tulipimwa hapa, tukatumwa Mwanza kupimwa zaidi, tukarudi na jibu: saratani ya tezi dume.

Daktari aliyetupokea Bariadi aliitwa Januarius, kijana wa sauti ya chini.

"Mzee, umekuja na nani?"

"Na mke wangu."

Daktari alinitazama. Mimi nilitazama sakafu. "Mjukuu," nikasema.

Akacheka, naye alikuwa mtu wa kwetu. Kisha akavuta kiti karibu. "Mzee, ugonjwa huu una chakula chake. Chakula chake ni homoni ya kiume. Tukikikata, ugonjwa unalala. Hauondoki, unalala. Kuna sindano, utachomwa kila baada ya miezi mitatu."

"Hiyo homoni inatoka wapi?"

Daktari alisita, akanitupia jicho. "Nyingi inatoka kwenye korodani, mzee."

Babu alitazama mikono yake, ile iliyofunga koleo. "Kwa hiyo mnanihasi."

"Si kwa maana hiyo..."

"Ni kwa maana hiyo hiyo. Usione haya, daktari. Mimi ni fundi wa kazi hiyo."

Januarius aliweka kalamu mezani. "Ndiyo, mzee," akajibu. "Ila kwa dawa."

"Na nikikataa?"

"Ugonjwa utaingia kwenye mifupa. Na ukianza halafu ukaacha, nao utaamka."

Babu akafunua shati, akachomwa tumboni. Tulipofika nje ya geti alisimama, akarekebisha kofia yake.

"Pole, mke wangu. Umebaki na maksai."

Mdomo wangu ulijibu kwa mazoea. "Afadhali. Nilikuwa natafuta wa kulima."

Alicheka mpaka akashika uzio. Alipomaliza kucheka akasema, bila kunitazama, "Kabula asijue. Na Shigela ndiyo kabisa."

Kabula ni bibi yangu. Shigela ni rika la babu. Walichunga ndama pamoja, na tangu wakati huo kazi ya Shigela duniani ni kumtania Nyanda.

Habari za baadaye nilizipata kwa simu, kutoka kwa bibi. "Mke mwenzangu," aliniambia, "mume wetu siku hizi analia." Alilia ndama alipouzwa. Alilia redio ilipotangaza msiba wa mtu wa Tabora asiyemjua. Mara jasho lilimtoka akiwa ameketi kivulini, mara alitaka blanketi. Wakampima malaria, hana. Kilichomtisha bibi zaidi ni majina. Babu alijua kila ng'ombe wake, na mama wa ng'ombe huyo, na bibi yake, na kwa nani alitoka. Sasa alisimama langoni jioni, mdomo wazi, anatafuta jina la ng'ombe aliyemkamua mwenyewe asubuhi.

Shigela alikuwa na jibu. "Madume hayo, ngosha. Yote uliyoyabana yamekuja kudai chao." Ngosha kwetu ni mwanamume, na alisema kwa utani. Lakini Lingeka utani wa namna hiyo hauanguki chini. Juma halikuisha maneno yalikuwa yamefika kisimani, na mama mmoja akamshauri bibi atafute mganga wa kuwatuliza wanyama. Babu akalishusha koleo kwenye msumari, akalifunga ndani ya gunia, akalisukuma chini ya kitanda.

Siku za sindano ya pili zilipokaribia, alinipigia mwenyewe.

"Mke wangu, usihangaike. Siji."

"Kwa nini, babu?"

"Ule ugonjwa wa kwanza niliuelewa. Huu wa sasa siuelewi. Kama ni kufa, nife nikiwa na akili yangu."

"Daktari alisema ukiacha..."

"Nilimsikia daktari. Nilikuwepo."

Akakata simu. Babu hakuwa mtu wa kukata simu. Kwa kawaida aliniaga mpaka salio likaisha.

Jumamosi nilipanda basi, nikapitia Mwanhuzi, nikashuka Lingeka wakati wa chakula cha mchana. Kitu cha kwanza nilichokiona ni msumari mtupu juu ya mlango. Cha pili kilikuwa babu. Alikuwa ameketi mkekani pamoja na bibi, anakata viazi vitamu vya kuanika, vipande vyembamba, vyote sawasawa. Sikuwahi kumwona akikata viazi. Shigela alikuwa kwenye kigoda chake, anasimamia.

"Mwadila, babu," nikamsalimu, nikapiga goti.

"Mwadila, mke wangu. Umekuja kunibeba?"

"Amekuja na kamba," Shigela akasema. "Mwangalie mkobani."

"Na wewe, babu Shigela, mke wako umemwacha wapi?" nikamuuliza.

"Yuko nyumbani. Anamngoja mwanamume. Mimi."

Zamani babu angemlipa palepale, na riba juu. Safari hii aliinamisha uso, akaendelea na kiazi chake. Nilimwona Shigela akisubiri jibu, na nikaona tabasamu lake likikosa pa kukaa.

Bibi alileta ugali na mlenda. Tulianza kula. Babu hakuwa amefika mbali alipouweka chini mkono wake. Jasho lilimjaa usoni, shingo ikameta. Akasimama, akachukua jagi la maji ya kunawa, akajimwagia kichwani, kofia na yote. Maji yalimshuka mpaka kifuani. Shigela alitazama ugali kama anausoma.

Bibi Kabula alimeza tonge lake.

"Inaanzia hapa," akasema, akigusa kifua chake. "Inapanda shingoni. Ikifika masikioni unatamani kuvua ngozi. Halafu inakuja baridi."

Babu alibaki amesimama, anachuruzika. "Umejuaje?"

"Nilikuwa nayo. Ule mwaka tuliojenga nyumba hii. Nilikuwa natoka nje najimwagia maji, wewe ukasema Kabula amezeeka vibaya."

"Sikusema hivyo."

"Ulisema mbele ya Shigela. Shigela, alisema?"

"Mimi sipo hapa," Shigela akajibu.

"Alisema. Josia alikuja kutusalimu, mwanangu wa kumzaa, nikamwita majina ya ndugu zake wote, la kwake likagoma. Nikageuka nikaunguza maziwa. Nilikuwa naamka na hasira, nalala na machozi. Nikajua nimerogwa. Mama yako, Mungu amrehemu, akanipeleka kwa mganga, nikachanjwa kifua kizima. Joto likabaki palepale, limeongezewa makovu."

"Ikawaje?" babu akauliza. Alikuwa ameshakaa, karibu naye.

"Ikapita polepole. Majina yakarudi, mengi yake. Nikalima." Akanawa vidole vyake katika maji yaliyobaki. "Sasa niambie, Nyanda. Mimi joto lilinijia kwa sababu ya umri, ni mambo ya wanawake. Wewe limekujia kutoka wapi?"

Babu aligeuza macho kwangu. Nilimwona akipima, kama alivyopima mshipa kwa vidole.

"Mwambie, mke wangu. Nimechoka kuficha."

Nilieleza nikiwa natazama viazi. Nilisema kuna kitu katika damu ya mwanamume na kuna kingine katika damu ya mwanamke, na vyote viwili hufika mpaka kichwani. Huko kuna mahali panapopima joto la mwili, pamezoea kitu hicho tangu ujanani. Kikipungua ghafla, panapima vibaya, pakisema moto hata penye kivuli. Machozi ni hayo hayo. Majina yaliyokwama ni hayo hayo. Kwa bibi kitu hicho kilipungua kwa umri, kwa babu kimepunguzwa na sindano, kwa sababu ndicho chakula cha ugonjwa wake. Nikautaja ugonjwa. Nikasema kwamba madume hayamo. Na kwa kuwa sikutaka kumdanganya, nikasema pia kwamba sijui ni majina mangapi yatarudi maadamu sindano zinaendelea.

Bibi alikuwa ameshika mguu wa babu. Sijui aliushika saa ngapi.

"Kwa hiyo amehasiwa," Shigela akasema taratibu.

"Ndiyo, ngosha," babu akajibu. "Nimehasiwa."

Neno likakaa pale katikati yetu, na sahani. Niliogopa. Shigela akiwa na neno kama hilo mkononi anaweza kulitumia mpaka mazishini, na nilijua kwamba kitakachotoka mdomoni mwake ndicho kitakachompeleka babu kitandani kungoja kufa, au Bariadi kwenye sindano.

Shigela alikuna kidevu. "Kwa umri huo?" akasema. "Umechelewa wewe. Udume umeshapanda kichwani. Koleo halifiki kule."

Bibi ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka akiziba mdomo kwa kanga, kisha akaiacha kanga. Babu naye akacheka, na machozi yakamtoka katikati ya kicheko, akayaacha yatoke. Shigela alitazama pembeni, anajikohoza.

"Kanali alilima mbuga nzima mwaka ule wa mvua," bibi akasema alipotulia. "Dume lilikuwa wapi? Lilikuwa kichakani linapigana na kivuli chake. Utakwenda Bariadi na mkeo."

"Na nikisahau majina yote?"

"Nitakutajia."

Babu alivua kofia yake iliyolowa. "Wewe ulipokuwa unasahau, mimi sikukutajia," akasema.

"Hukunitajia," bibi akakubali. "Ulinicheka. Mimi nitakutajia. Kula."

Tukala. Ugali ulikuwa umepoa na mlenda umeshaganda juu. Jua lilipopungua ukali ng'ombe walirudi, vumbi likitangulia kama zamani, na harufu ile ile ikanikuta hapo nilipokuwa nimeketi. Babu alisimama langoni. Bibi alisimama kando yake na kibuyu cha maziwa. Ng'ombe walipita mmoja mmoja. Wengi babu aliwaita mwenyewe. Alipofika yule mweupe mwenye madoa shingoni, kukawa kimya, kisha nikasikia sauti ya bibi, ya chini, ikitaja jina, na sauti ya babu ikilirudia juu, kwa nguvu, kana kwamba ni yeye aliyelikumbuka. Ng'ombe akaingia.

Kabla ya giza babu alilivuta gunia kutoka chini ya kitanda. Alilipaka koleo samli, taya kwa taya, mkono kwa mkono, akalirudisha juu ya msumari.

Tulisafiri pamoja kurudi Bariadi. Hospitalini zamu ilikuwa ya nesi Benedikta, mwanamke mnene mchangamfu. Babu alifunua shati bila kuambiwa. Nesi akampangusa tumbo kwa pamba yenye spiriti, akashika sindano.

"Ngoja kwanza," babu akasema. "Hujasema."

"Niseme nini, mzee?"

Babu alimwambia. Nesi alinitazama mimi, nikaitikia kwa kichwa. Nadhani alidhani ni sala ya dhehebu fulani. Alikuwa mtu mwema, akainama karibu na sikio la babu, akasema kwa sauti ya taratibu:

"Usinichukie. Nakupa kazi."

"Haya," babu akasema, akageuzia uso ukutani. "Choma."